Mlango mmoja wa kabati umekufa, mingine mizima: namna ya kuchonga mwenzake ufanane urembo

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma 2016 watu wamenunua na kupanga nyumba za kila umri hapa mjini, nyingine zimesimama toka enzi za CDA (ile mamlaka ya zamani ya kuendeleza makao makuu), na ukiingia jikoni unakuta kabati zito la mninga au mtiki halina shida yoyote isipokuwa mlango mmoja wa chini ya sinki umeoza kwa maji au umechanika katikati. Ukimuita fundi wa kwanza anayepita jibu ni moja tu, "boss tung'oe yote tupige MDF mpya". Usikubali haraka. Mbao iliyokaa miaka thelathini ndani ya nyumba imeshatulia, haipindi tena kirahisi, na kuitupa ili uweke ubao wa unga wa mbao unaovimba ukimwagikiwa maji, mi naona ni hasara ya makusudi.

Kutengeneza mlango wa fremu na paneli (ubao wa katikati) sio kazi ngumu, mafundi wengi wa mtaani wanaiweza. Kinachowashinda ni ule urembo wa ukingo wa ndani wa fremu, kile kimchirizi chenye kupanda na kushuka kinachozunguka paneli. Wanachukua biti inayokaribiana iliyopo kwenye ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga urembo, wanapitisha, wanapiga vanishi, afu mlango ukishafungwa kila anayeingia jikoni anauona huo huo mmoja. Sababu ni kwamba jicho la mtu halipimi umbo, linasoma kivuli. Ukingo wa zamani ukiwa na mstari mweusi mwembamba pale kwenye kona ndogo, na wa kwako hauna huo mstari, hata kama mviringo umeupatia bado hautafanana. Kwa hiyo kazi kubwa ni kukamata vivuli vya mlango wa zamani, mashine inakuja baadaye.

Anza kwa kushusha mlango mmoja mzima (sio ule mbovu) uulaze mezani, afu usiangalie mbele, angalia ukingo wake wa juu, pale nguzo, yaani mbao ya wima, inapokutana na mbao ya kulala. Sehemu hiyo watu hawaiangalii kabisa na ndo inayosema kila kitu. Ukikuta mstari wa muungo umenyooka toka mbele mpaka nyuma, fremu imeungwa kwa ulimi na tundu au kwa vijiti, na urembo umekatwa kona ya 45 pale ndani. Ukikuta kwa mbele mbao zimekutana kwa mshazari toka kona ya nje mpaka kona ya ndani, hiyo ni fremu ya 45 tupu. Ukikuta mstari unapinda pinda, unaingia unatoka, basi una bahati, maana mbao ya kulala imechongwa kinyume cha urembo wa nguzo ili zikumbatiane, na huo mstari uliopinda ni picha kamili ya urembo wako kwa ukubwa ule ule. Na kama hakuna mstari wowote na kona za ndani ni za mviringo badala ya kuwa kali, huo ni MDF kipande kimoja uliochorwa na mashine, hapo tafuta mwenye mashine ya kompyuta akuchoree, usihangaike na haya mengine.

Kwa huo mstari uliopinda fanya hivi: safisha ukingo kwa msasa namba 120 mpaka mbao ionekane, fuatisha mstari kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kucha, ibandue afu ibandike kwenye kadi nyeupe. Wino ukigoma kuhama, weka karatasi nyembamba juu ya ukingo na usugue kwa penseli iliyolazwa, mstari utajitokeza.

Kama ule mlango mbovu hautakiwi tena kazi inakuwa rahisi zaidi, ukate. Tafuta sehemu ya nguzo ambayo haijaoza, kata kipande chembamba cha milimita 10 hivi kwa msumeno wenye meno madogo, kikate kikiwa mraba kabisa, usikate kwa mshazari maana mshazari unarefusha umbo. Hicho kipande ndo ramani yako, kiweke mfukoni, kila duka unaloingia unaingia nacho.

Usipokuwa na cha kukata tumia pati ya magari, ile ya kuchanganya na hadna. Paka urembo mafuta ya mgando kidogo tu, koroga pati ya kutosha kijiko kimoja cha chakula, ikandamize kwenye urembo, isubiri iwe ngumu, ibandue, uikate katikati kwa msumeno wa chuma na hapo una umbo kwa kinyume. Kuna geji ya pini pia, ile unayoisukuma kwenye kitu pini zinarudi nyuma kufuata umbo, inauzwa na watu wanaipenda, ila pini zake nyingi zina unene wa karibu milimita moja kwa hiyo vile vihatua vidogo inaviruka, na vihatua ndo vivuli vyenyewe. Itumie kwa kukadiria tu. Picha ya simu nayo inasaidia ukisimama mbali, mita mbili au tatu, afu uvute kwa zuum na rula iwe imewekwa usawa ule ule wa ukingo, ukipiga kwa karibu lenzi inadanganya vipimo.

Kabla ya yote hayo lakini, toa rangi. Urembo uliopakwa rangi au vanishi mara nne tano unakuwa kama sabuni iliyotumika, kona zote zimelainika na vibonde vimejaa. Kwangua sehemu ya urefu wa vidole vitatu chini chini ambako hapaonekani, tumia kemikali ya kutolea rangi au kipande cha glasi au chuma kikali, taratibu, mpaka ufike mbao. Ndo upime hapo. Ila kama hiyo milango mingine utaiacha na rangi zake za zamani bila kuikwangua, jua kwamba na wewe mlango wako mpya itabidi uulainishe kona mwishoni kwa msasa, vinginevyo utakuwa mkali kuliko wenzake.

Vipimo unavyohitaji ni unene wa nguzo, upana wake, mfereji wa paneli ni mpana kiasi gani na una kina gani na unaanzia umbali gani toka nyuma, urembo unashuka kiasi gani toka usoni na unaingia ndani kiasi gani, na urefu wa kila kihatua. Tumia vernia (kipimo chenye taya mbili za kuteleza), hata ile ya plastiki ya bei ndogo inatosha, futi ya kamba haifai hapa. Kwa mviringo tumia shina za biti za drili: biti ya milimita 12 ikikaa vizuri kwenye bonde bila kuacha mwanga pembeni, mviringo wako una nusu kipenyo cha milimita 6. Na ukiona vipimo vinakuja vya ajabu ajabu, 4.8, 6.35, 9.5, 12.7, usidhani umekosea, urembo huo ulichongwa kwa biti za inchi. 6.35 ni robo inchi, 9.5 ni inchi tatu kwa nane, na biti za inchi zipo bado kwenye maduka ya vifaa kwa hiyo una pa kuanzia.

Sasa mbao. Hapa Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Machi au Aprili mwanzoni, baada ya hapo ni ukavu na upepo mpaka mwisho wa mwaka, na ukavu huu unazichezea mbao vibaya sana. Paina inashuka toka Sao Hill kule Mafinga kupitia Iringa na Mtera, ikifika hapa mara nyingi bado ina maji, ukiichonga wiki hiyo hiyo fremu itafunguka kona Septemba. Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo upande wa Tabora na Katavi na huo una sifa moja kubwa, ukishakauka hauchezi sana, ndo maana makabati ya zamani ya mninga bado yamenyooka. Nunua kwenye yadi inayokupa risiti, mbao za asili zisizo na karatasi, TFS (wakala wa misitu wa serikali) wakizikamata njiani ni zako hasara. Zikifika nyumbani zipange ndani ya nyumba ile ile zitakapotumika, weka vijiti katikati ya mbao na mbao ili hewa ipite, chagua mbao moja fupi kati ya hizo hizo (sio kipande kidogo, hicho kinakauka mapema) uipime kwenye mzani wa jikoni kila baada ya siku chache, uzito ukiacha kushuka mbao iko tayari. Hakuna haja ya kununua kipimo cha unyevu kwa mlango mmoja.

Ukiweza kupata mbao ya zamani ndo safi zaidi, kitanda kibovu cha mninga, fremu ya mlango iliyong'olewa, hata rafu ya kabati hilo hilo ya ndani ambayo unaweza kuibadilisha na plaiwudi. Rangi ya mbao itakaribiana bila kuhangaika na kupaka. Angalia misumari tu kabla hujaiingiza kwenye randa.

Tuje kwenye ruta. Chukua kile kipande chako ukilinganishe na biti dukani kwa kukutanisha makali ya biti na urembo wa kipande uso kwa uso mbele ya mwanga wa simu, usimwamini muuzaji anayekwambia "hii ndo yenyewe" kwa kutazama picha kwenye boksi. Urembo mwingi wa makabati ya zamani umetokana na maumbo machache tu: robo duara, bonde la robo duara, mkato wa nyuzi 45, na ule wa herufi S ambao ni bonde na kilima vimeunganishwa. Vinatofautiana kwa ukubwa na kwa vihatua. Biti ya robo duara ukiishusha zaidi ya usawa wa mbao inakuachia kihatua juu, ukiibadilishia beringi ukaweka ndogo zaidi inakuachia kihatua na pembeni, kwa hiyo biti moja inatoa nyuso tatu tofauti. Ukikosa biti moja inayofanana unaweza kupitisha mbili kwa zamu, kwanza bonde halafu kilima, ila panga mpangilio vizuri ili beringi iwe na mbao ya kuegemea kwenye zamu ya pili, ukishaila sehemu ya kuegemea biti inajichimbia.

Hapa lazima niseme la usalama kwa sababu nimeona watu wanafanya. Koleti (kile kitundu cha ruta kinachobana shina la biti) ya milimita 6 haichukui biti ya robo inchi, na biti ya milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi inaingia ila haibaniki, ikizunguka inaweza kuchomoka, na ruta ndogo zinazunguka mpaka mara 30,000 kwa dakika. Soma kilichoandikwa kwenye shina. Ingiza shina mpaka chini afu livute juu milimita mbili ndo ukaze. Kwenye ukingo wa nje wa mbao sukuma ruta kinyume na saa, ukiwa ndani ya fremu sukuma kuifuata saa, ukikosea mwelekeo inakimbia na wewe. Kata kidogo kidogo, milimita tatu kwa mpito mmoja inatosha kwa mninga. Umeme ukikatika zima swichi ya mashine pale pale kabla hujaenda kukaa, kwa sababu unaporudi na ruta ipo mezani imewashwa itajitembeza yenyewe. Na vumbi la mninga linawasha ngozi na kubana kifua, vaa barakoa hata kama ni kazi ya nusu saa.

Vipi ukikosa biti kabisa? Hapo ndo napapenda, kwa sababu kwa mlango mmoja huna haja ya biti, unatengeneza kisu chako cha kukwangua na kinafanana kwa asilimia zote maana umekichora toka kwenye urembo wenyewe. Tafuta msumeno wa mkono uliochakaa. Chuma chake kinafaa kwa sababu kinakubali tupa, si ndo maana misumeno inanolewa kwa tupa, wakati bledi nyingi za msumeno wa chuma ni ngumu, tupa inateleza juu yake na itabidi utumie grainda na kopo la maji pembeni kuipoza isiungue. Kata kipande cha milimita 30 kwa 60. Paka upande mmoja maka peni nyeusi, weka juu yake kile kipande cha mbao ulichokikata, chora ukifuata umbo kwa ncha ya msumari mkali, unapata mstari mweupe unaong'aa. Kumbuka kisu ni kinyume cha urembo, penye kilima kwenye mbao kisu kina bonde, na usije ukakata upande usio wake, weka alama ya X kwenye chuma kinachotakiwa kuondoka.

Kibane kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao kisitetemeke, anza na tupa kubwa ya mviringo kisha malizia na zile tupa ndogo za mafundi saa au za kunolea msumeno, shikilia tupa ikiwa imelala sawa, nyuzi 90 na uso wa chuma, usitengeneze makali ya mshazari kama ya patasi. Ukiwa na 90 kamili kisu kinakata ukikisukuma na ukikivuta. Nenda mpaka mstari mweupe ubaki nusu. Vihatua vidogo tumia ukingo wa tupa bapa, hapa pole pole, hiki ndo kile kivuli tulichosema. Ukimaliza sugua uso wa kisu pande zote mbili juu ya msasa wa maji namba 400 uliowekwa kwenye glasi, kile kimasalia chembamba cha chuma kinachobaki ukingoni kitoke, afu kipime kwenye mlango wa zamani: kisu kikae kwenye urembo na tochi iwe nyuma yake, panapopita mwanga ndo pa kurekebisha.

Mshikio ni mbao ngumu iliyokatwa umbo la L, mguu mmoja unateleza kwenye ukingo wa nguzo kama uzio, mwingine unapita juu ya uso. Pasua mwanya kwa msumeno, ingiza kisu, kaza kwa skrubu mbili. Kisu kijitokeze kiasi kile kile cha kina cha urembo, ili mshikio ukigusa uso wa mbao kazi iwe imejisimamisha yenyewe.

Kukwangua nako kuna namna yake. Mbao iwe ndefu kuliko unavyohitaji kwa sentimita kumi, kwa sababu miisho huwa haitoki vizuri utaikata. Usianze upande wako ukavuta mpaka mwisho, anzia mwisho wa mbali, mapigo mafupi ya shibiri moja, rudi nyuma kidogo kidogo kila pigo likianzia nyuma ya lililopita, mchirizi ukishajichora ndo uanze mapigo marefu. Inamisha mshikio kidogo kuelekea unakokwenda na mkono mwepesi. Uzio uubane kwenye ukingo muda wote, ukiuachia mara moja tu mchirizi unayumba na haurudi. Kisu kikiwa kizuri mninga unatoa vinyuzi vyembamba vinavyojikunja, ukianza kuona unga mtupu basi kimekufa, kitoe ukipitishe tupa mara mbili tatu uendelee. Urembo ukiwa mkubwa punguza kwanza mbao nyingi kwa randa ya pembeni au ruta, kisu kimalizie tu, vinginevyo utakwangua mpaka magharibi.

Njia hii inapendeza kwenye mbao ngumu, mninga, mkongo, mtiki, na hasa mkongo ambao nyuzi zake zinapishana na randa huwa inazing'oa. Kwenye paina sio, paina ni laini, kisu kinaivuruga inatoa manyoya, huko rudi kwenye ruta au tengeneza kipande cha mbao chenye umbo la kinyume, ukizungushie msasa uumalizie nao.

Sampuli kwanza jamani. Toa urembo kwenye kipande cha mbao ya kutupa cha sentimita 20, kipige vanishi au rangi, kishikize kwa selotepu kwenye mlango wa zamani, zima taa, washa tochi ya simu toka ubavuni iwe imelala kabisa. Angalia mistari ya giza: iko mingapi, mnene upi, mwembamba upi. Baadaye fumba macho upitishe kidole toka wa zamani kwenda mpya, kidole kinagundua tofauti ambayo jicho limeikubali. Vikilingana vivuli na kidole, hata kama vernia inasema umepishana nusu milimita, endelea na kazi.

Kwenye kona, usihangaike kutafuta zile biti pacha za kufanya mbao zikumbatiane kama umetumia kisu cha mkono, hutapata pacha wake. Chonga matundu na ndimi kwanza, pitisha mfereji na urembo kwenye mbao zote, afu pale zinapokutana kata urembo tu kwa nyuzi 45 ukitumia patasi kali na kipande cha mbao kilichokatwa 45 kama mwongozo. Kwa mbele itaonekana sawa na zile za kukumbatiana, tofauti iko kwenye ukingo wa juu ambao hakuna anayeutazama. Matundu yakikuchosha tumia vijiti vya milimita 8, viwili kila kona, kwa mlango wa kabati vinabeba. Kuna na njia ya mkato, fremu iwe tambarare kabisa halafu urembo uchongwe kwenye kijiti chembamba pembeni na kubandikwa ndani kwa gundi na vijipini, ukifanya hivyo gundi ishike fremu, isiguse paneli.

Hiyo paneli ndo inayopasuka Dodoma, na inapasuka kwa sababu mtu aliipiga gundi ikashindwa kucheza. Paneli inakaa kwenye mfereji ikiwa huru. Paneli ya paina ya upana wa sentimita 30 inaweza kutanuka na kusinyaa milimita tatu hivi kati ya masika na kiangazi, mninga unacheza pungufu ya hapo. Ukitengeneza Agosti au Septemba mbao iko kwenye wembamba wake wote, acha nafasi ya milimita mbili kila upande ndani ya mfereji itanukie huko mvua zikija. Ukitengeneza Februari iingie karibu yote maana itasinyaa. Na rangi au vanishi ipigwe kwenye paneli kabla ya kufunga fremu, mpaka kwenye miisho, la sivyo kiangazi kikifika utaona mstari wa mbao nyeupe umejitokeza pembeni. Kama paneli ya zamani imenyanyuka katikati na huna biti kubwa (na usithubutu kuitumia ile biti kubwa kwa ruta ya kushika mkononi, ni ya kwenye meza tu), chora mstari, tumia randa, anza na pande mbili zinazokata nyuzi ndo uje kwenye zinazofuata nyuzi, mipasuko ya mwanzo itaondolewa na zamu ya pili.

Rangi sitaongea sana. Kama kabati limepakwa rangi beba uso wa droo dukani wakuchanganyie hapo hapo. Kama ni vanishi, ya zamani imeshageuka manjano, jaribu madoa kwenye ile sampuli yako mpaka upate linalokaribia, na ujaribu mchana, jikoni kwenyewe.

Ukishamaliza usiufunge mlango mpya pale ulipotoka mbovu kama pale panaonekana sana. Milango ya ukubwa mmoja inabadilishana nafasi, upeleke wako pembeni karibu na friji au kona yenye giza, wa zamani uje mbele kwenye mwanga. Na kabla hujatoboa shimo la bawaba za kikombe piga hesabu: kikombe kina kipenyo cha milimita 35 na kinakaa kama milimita 5 toka ukingo wa nje, kwa hiyo kinaishia 40. Nguzo ya milimita 60 yenye mfereji wa kina cha 10 inakuachia milimita 10 za mbao nzima katikati, iko salama. Nguzo ya 45 kikombe kitaingia moja kwa moja kwenye mfereji wa paneli, hapo tumia bawaba za kawaida za bapa.